Zege limezama nyuma ya jikoni: livunjwe au litengenezwe?

Swali: Mhandisi, mimi ni mwalimu, naishi Kiamunyi hapa Nakuru. Nyumba niliinunua ikiwa tayari imejengwa, sasa ni miaka sita. Nyuma ya nyumba kuna ukanda wa zege wa upana wa mita moja, unaotoka vyumba vya kulala hadi kona ya jikoni. Pale konani unapanuka kuwa uwanja mdogo wa kufulia, na hapo ndipo lilipo tangi la maji la lita 5,000. Baada ya mvua za Aprili kona hiyo imezama. Mkono wangu unapita kati ya zege na ukuta, zege lenyewe limepasuka vipande, na mvua ikinyesha maji yanarudi ukutani. Upande wa vyumba umeshuka kidogo tu na hauna ufa. Fundi wa kwanza anataka amwage zege jingine juu ili pasawazike. Wa pili anataka avunje lote, mita zote 14. Nimsikilize nani?

Jibu: Mwalimu, kabla hatujafika kwa mafundi, naomba ufanye jambo moja leo hii: toa maji yote kwenye tangi hilo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi lako likijaa ni tani tano zilizosimama juu ya zege ambalo, kwa maelezo yako, halina tena cha kulibeba chini. Usiyamwage hapo hapo. Unga mpira, uyapeleke hadi mtaro wa barabarani. Na watu wasifulie wala watoto wasicheze upande huo mpaka kazi iishe.

Sasa mafundi wako. Wa kwanza mkatalie. Wa pili anasema kweli kwa nusu ya kazi, na nusu ya pili ni pesa zako kupotea bure. Kwa jinsi ulivyoeleza, kona ivunjwe na ijengwe upya kuanzia chini kabisa, na ule ukanda wa upande wa vyumba uachwe mahali pake, uzibwe nafasi zilizo chini na pembeni. Lakini sitaki ulibebe jibu hilo bila sababu zake, maana kesho atakuja fundi wa tatu na wazo la tatu.

Zege hukaa pale udongo ulipo. Udongo ukishuka, litaning'inia kwa muda kama daraja, kisha litapasuka na kuufuata. Kwa hiyo swali la kwanza ni kwa nini udongo wa kona hiyo ulishuka, na kama umemaliza kushuka. Ukijua hayo mawili, uamuzi wa kuvunja au kutengeneza huwa mwepesi.

Wewe unaishi chini ya volkano ya Menengai. Sehemu kubwa ya ardhi yetu huku ni majivu ya volkano, yamechanganyika na yale mawe mepesi yenye vitundu, ambayo watu huyatumia kusugua visigino. Chukua moja, lile jepesi kabisa, ulitie kwenye beseni la maji. Litaelea. Sasa fikiria nyumba imesimama juu ya vitu vya namna hiyo. Udongo huu ukiwa mkavu hudanganya hata mafundi wazoefu, kwa sababu hukatika vizuri na kusimama wima. Shimo la choo likichimbwa, kuta zake husimama kana kwamba zimechongwa. Fundi akiona hivyo husema, hapa pagumu. Ukweli ni kwamba chembe zake zimeegemeana tu, na katikati yake mna nafasi nyingi za hewa. Maji yakipenya, chembe huachiana na udongo hujikunja chini kwa ghafla. Zile ndogo zaidi hubebwa na maji kupitia nyufa hadi mahali pengine, na zilipotoka hubaki pango. Wasomaji watakumbuka Machi 2018, ardhi ilipofunguka na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wengi walidhani bara la Afrika linagawanyika siku hiyo. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba mvua kubwa iliosha majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Nyuma ya jikoni yako huenda jambo la aina hiyo hiyo limetokea kwa udogo.

Ongeza na jinsi nyumba zinavyojengwa. Mtaro wa msingi huchimbwa mpana kuliko ukuta. Ukuta ukishapanda, nafasi inayobaki hurudishiwa udongo kwa sepetu, pamoja na vipande vya matofali, mbao, hata mifuko mitupu ya saruji, halafu hukanyagwa kwa miguu na kusahauliwa. Ndiyo maana ukanda unaozunguka nyumba huwa wa kwanza kuzama hata pale nyumba yenyewe iko imara. Na konani mitaro miwili hukutana, kwa hiyo udongo wa kujazia ni mwingi maradufu. Halafu juu yake mtu akaweka tangi.

Kisha maji. Nakuru hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, na kila milimita juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kama paa lako ni mita za mraba 120 na nusu yake inamiminikia nyuma, hizo ni zaidi ya lita 50,000 kila mwaka. Nenda ukaangalie mambo matatu: gata zina majani au zimelegea wapi, bomba la gata linaishia wapi, na tangi likijaa linafurikia wapi. Ningekuwa mtu wa kukisia, ningesema lile bomba la kufurika linamwaga pale pale kwenye miguu ya tangi. Nimelikuta hivyo katika nyumba nyingi mno.

Liko pia bomba lisiloonekana. Usiku, watu wakilala, funga mifereji yote, hakikisha tangi halijazwi, andika namba zilizo kwenye mita ya maji. Asubuhi kabla ya mtu kufungua, soma tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja chini ya ardhi, na hakuna zege utakaloliweka juu yake likadumu. La maji taka ya jikoni halipiti mita, kwa hiyo hilo lijaribiwe kwa kuziba mwisho wake kwenye chemba, lile shimo la maji taka lenye kifuniko, kulijaza maji hadi kwenye sinki na kutazama kama yanashuka.

Baada ya hapo tafuta kipande cha nondo ya nusu inchi chenye urefu wa mita moja na nusu. Kiingize kwenye ule mwanya kati ya ukuta na zege, ukielekeze chini ya zege, usukume polepole. Kinapogota, weka alama kwa chaki kwenye nondo, uitoe, upime. Fanya hivyo kila nusu mita ukifuata ukuta kutoka konani kuelekea vyumbani, na uandike. Halafu chukua nyundo, ugonge zege taratibu ukienda mbele. Palipo na udongo chini utasikia mlio mfupi mzito. Palipo na pango utasikia kama unagonga ngoma. Chora mstari wa chaki pale mlio unapobadilika. Mstari huo ndio mpaka kati ya sehemu ya kuvunja na sehemu ya kubakiza, na una uzito kuliko maneno ya fundi yeyote, mimi nikiwemo, kwa sababu mimi sijaliona zege lako na wewe umelisikia.

Naukazia mkazo huu, na namkataa fundi wako wa kwanza, kwa sababu ya kazi moja niliyoifanya Lanet nikiwa bado kijana kazini. Mama mmoja mjane alikuwa na kona iliyozama kama yako, ndogo zaidi, mita mbili kwa tatu. Hakuwa na pesa za kuvunja. Nikakubali kumwaga zege la sentimita saba juu ya la zamani ili maji yasimrudie ukutani. Lilipendeza. Lakini zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo nilikuwa nimeongeza tani moja juu ya udongo ulioshindwa hata na mzigo wa kwanza. Mvua za Machi zilipoanza, zege la zamani na jipya vilishuka pamoja, vikakata bomba la maji taka lililopita chini yake. Wiki kadhaa zilipita kabla ya mtu kugundua, na maji hayo yote yakawa yanaingia chini ya msingi wa jikoni. Nilirudi nikafanya kazi upya kwa gharama yangu. Ukuta wa jikoni ulipata ufa unaoanzia pembe ya dirisha, na bado upo hadi leo.

Kumwaga juu kuna ubaya mwingine. Ndani ya ukuta wako, karibu na usawa wa sakafu ya ndani, kuna ule utando mweusi wa kuzuia unyevu usipande. Ardhi ya nje inatakiwa ibaki chini yake kwa sentimita 15. Zege la juu likiukaribia, kila tone linaloruka hupita juu ya kizuizi, na baada ya mwaka rangi ya ndani inaanza kubanduka. Na kama fundi ataweka tabaka jembamba ili kukwepa hilo, tabaka la chini ya inchi moja halishiki kwenye zege kuukuu, hasa kingoni. Litatoka kama ganda.

Turudi kwenye ukanda wa upande wa vyumba, ambao fundi wako wa pili anataka kuubomoa. Mpe mtoto gololi aiweke juu yake karibu na ukuta. Ikibingirika kwenda nje, mteremko bado uko sawa. Ikirudi ukutani, mteremko umegeuka. Kipimo ninachokitaka ni sentimita mbili za kushuka kwa kila mita ya kwenda nje. Zege ambalo ni zima, halilii kama ngoma, na bado linamwaga maji nje, halina kosa lolote kwa kuwa limeshuka sentimita moja au mbili. Liache. Ziba mwanya ulio ukutani kwa lami laini au gundi ya kuzibia inayonyumbulika. Usiuzibe kwa saruji, kwa sababu saruji hupasuka mara tu pande mbili zikisogea.

Ikiwa sehemu fulani ya ukanda huo inalia ngoma lakini haijapasuka, haihitaji kuvunjwa. Toboa matundu ya upana wa sentimita tano, mita moja moja, kisha umimine uji wa saruji: mchanga laini sita kwa saruji moja, mwepesi kiasi cha kupita kwenye faneli. Anza tundu la chini. Uji ukichomoza kwenye tundu linalofuata, ziba la kwanza, hamia la pili. Lengo ni kujaza pango tu. Usijaribu kulinyanyua zege kwa njia hiyo, huna pampu wala vipimo.

Iko kazi ya kunyanyua yenyewe. Marekani na kwingineko hupiga uji wa saruji au povu linalofura kwa pampu kupitia matundu, na zege lote huinuka taratibu likarudi mahali pake. Ni kazi nzuri pale zege likiwa zima na udongo ukiwa umetulia. Kwako wewe zege la kona limeshakuwa vipande, na kila kipande kitainuka kivyake. Hata angetokea mtu wa kukufanyia kwa bei nzuri, nisingekushauri. Vigae vidogo vya njiani ni hadithi tofauti. Kigae cha mita moja kwa moja chenye unene wa sentimita saba na nusu ni kilo 180 hivi, vijana wanne wenye mitaimbo miwili hukiinua, wakajaza vumbi la kwari chini, wakashindilia na kukirudisha kabla ya chai ya saa nne.

Kona sasa. Ivunjwe, na kazi ya maana ifanywe pale ambapo hapataonekana tena. Fundi akija na mifuko ya saruji bila kompakta, yaani mashine ya kushindilia, mrudishe akailete. Avunje, achimbe mpaka afike udongo usiozama akiupiga mtaimbo. Nakisia itakuwa sentimita 60 au zaidi, lakini akikuta takataka za ujenzi au kisiki kinachooza, aendelee kuchimba hadi vitoke vyote. Shimo lijazwe maramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine kabla ya linalofuata. Unyevu wa maramu upime mwenyewe: ukifinya konzi, itengeneze donge, na viganja visidondoshe maji. Ikiwa kavu haitashikana, ikiwa tope itakuwa inayumba chini ya mashine. Usiruhusu udongo uliochimbwa kurudishwa. Ni ule ule wa majivu.

Juu ya maramu yaje mawe magumu ya kujazia, sentimita 15, yashindiliwe, yafunikwe vumbi la kwari, kisha karatasi ya nailoni, kisha wavu wa BRC, ule wa vyuma vyembamba vilivyochomelewa. Wavu huo uinuliwe kwa vipande vya zege ili ukae ndani ya zege. Nimevunja mazege mengi nikakuta wavu umelala kwenye nailoni, mzima kabisa, haujafanya kazi hata siku moja. Mchanganyiko uwe saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa uwanja wa mita tatu kwa nne wenye unene wa sentimita 15 utahitaji kama mifuko 12 ya kilo 50. Maji yawe ya kutosha kuchanganya tu, kwa sababu mafundi hupenda zege jepesi linalotiririka, nalo hukauka na nyufa. Katikati pakatwe mifereji midogo yenye kina cha robo ya unene, ili likipasuka lipasuke hapo. Na kati ya zege jipya na ukuta iachwe nafasi ya sentimita moja ijazwe kitu laini. Zege lisifungwe kwenye nyumba, maana likishuka litauvuta ukuta. Lifunikwe magunia mabichi siku saba, asubuhi na jioni yamwagiliwe. Siku ya tatu watu huchoka. Usichoke.

Tangi lisirudi pale. Lijengewe kituo chake mbali na ukuta wa nyumba, juu ya ardhi iliyochimbwa na kushindiliwa kwa namna hiyo hiyo, na maji yanayofurika yafungwe kwenye bomba mpaka mtaroni. Mtu akikushauri uchimbe shimo la kunyonya maji ya mvua karibu na nyumba, kataa. Penye udongo wa majivu unakuwa unalisha lile lile lililokusumbua.

Kama pesa hazitoshi kwa zege, kazi ya chini ifanye yote kama nilivyosema, juu uweke kabro, yale matofali ya zege ya kutandika, za unene wa sentimita sita badala ya zege. Binafsi nazipenda sana kwa ardhi ya huku. Pakishuka tena kidogo, unaziondoa, unaongeza vumbi la kwari, unazirudisha zile zile. Ubaya wake ni kwamba maji hupenya kwenye maungio, kwa hiyo ukanda ulioguswa na ukuta uwe zege, kabro zianzie nje yake.

Haya yote yanakoma ukiona dalili hizi. Kwanza, kama mbonyeo unafuata mstari ulionyooka, unaovuka uwanja wako na kwenda kwa jirani au kukata barabara. Hapa Nakuru, hasa magharibi mwa mji, ardhi ina nyufa za kale zilizofukiwa, na mstari wa aina hiyo unahitaji mwanajiolojia kabla ya fundi. Pili, mbonyeo wa duara unaoendelea kushuka: waulize wazee wa jirani kama hapo palikuwa na choo cha shimo. Vingi vilifunikwa kwa mabanzi na udongo, na mabanzi yakaoza. Pawekee uzio siku hiyo hiyo. Tatu, ukuta wa jikoni ukipasuka kwa ngazi kufuata maungio ya mawe, au mlango uliokuwa unafunga ukaanza kukwama. Hapo tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, aje atazame msingi.

Wasomaji wa Kisumu, nawaomba msinakili jibu hili. Nyanda za Kano na sehemu kama Nyalenda zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Zege lililoonekana kuzama Februari huenda likapanda Mei. Kwenu kazi ni kuuondoa udongo huo wote chini ya zege, au kuulinda usibadilike unyevu, na msiamue lolote kabla ya kulipima katika masika na katika kiangazi.

Nawe pia, Mwalimu, pima kwanza. Kwenye ufa mkubwa wa kona pigilia msumari wa saruji kila upande, upime kati yake kwa rula, uandike tarehe na kipimo kwa penseli ukutani. Rudia kila Jumamosi. Gata, bomba la kufurika na bomba linalovuja virekebishwe wiki hii, hivyo havingoji. Lakini kuvunja subiri. Nakuru hupata mvua tena Julai na Agosti, halafu zile za vuli, na shimo la sentimita 60 kando ya msingi likijaa maji litakuletea balaa kubwa kuliko ulilo nalo. Januari ndio mwezi wa kazi hii. Agosti ikiisha, niandikie vipimo vya misumari na vya nondo, pamoja na picha ya ule mstari wa chaki. Kama misumari itakuwa haijasogea tangu ulipogeuza maji, nitakuambia kama kina cha sentimita 60 kinatosha.